Mzee alifunga mabehewa majini: je, meli ya treni hufa kwa uzee?

*"Baba yangu ana miaka 82, tunaishi naye hapa Buruburu, Nairobi. Tangu mwanzo wa miaka ya 70 alifanya kazi kwenye MV Uhuru kule Kisumu, kwanza akifunga mabehewa sitahani, baadaye chini kwenye injini. Juzi mwanangu wa gredi ya tano alimuuliza treni inapandaje meli bila kuizamisha. Mzee akajibu kwa mikono tu, hakuna aliyeelewa. Mimi bintiye nina yangu. Kwa nini meli ile ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kazi? Mtaani wanasema ilizeeka, wengine wanasema magugu maji ndiyo yaliyoiua. Sasa imerudishwa majini. Je, chuma cha miaka ya 60 ni salama? Mzee anasema afadhali ingepumzishwa kwa heshima. Anataka kwenda kuiona kabla hajafumba macho, lakini siku hizi pumzi inamsumbua akipanda ngazi."*

Dada, kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu. Nimekaa miaka mingi kwenye karakana za meli na reli, na watu niliowaheshimu kuliko wote ni hao wa kufunga mabehewa. Nahodha akikosea anajulikana palepale gatini. Aliyekaza jeki vibaya anajulikana usiku wa manane, katikati ya ziwa, upepo ukiwa umeshaamka.

Umeuliza mengi, lakini nasikia swali moja chini yake: je, meli aliyoitumikia baba ilikufa kwa uzee kama binadamu? Hapana. Meli ya kubeba mabehewa ni kipande cha njia ya reli kinachoelea. Reli za nchi kavu zikiwa hai pande zote mbili za maji, meli hiyo itafanya kazi hata ikiwa na umri wa babu. Reli zikilala, italala nazo, hata ingekuwa mpya. Hilo nitalirudia, lakini tumalizane kwanza na mjukuu.

Mwambie hivi: treni haipandi meli, mabehewa ndiyo yanayopanda. Kichwa cha treni kwa kawaida hubaki nchi kavu, maana ni kizito mno na uzito wake wote umekusanyika mahali pamoja. Kati ya kichwa na mabehewa ya mzigo huwekwa mabehewa matupu machache yafanye kazi ya mkono mrefu: kichwa kinasukuma kikiwa mbali, mkono unafika hadi sitahani. Gati na meli huunganishwa na daraja lenye reli, lililofungwa kwa bawaba upande wa nchi kavu, na ncha yake ya pili inakalia meli. Ziwa likipanda, daraja linainuka, likishuka, linainama. Na Ziwa Viktoria hupanda na kushuka kweli. Mwaka 2006 maji yalikuwa chini sana, mwaka 2020 yakajaa hadi gati za Kisumu zikafurika. Daraja likiinama kupita kiasi mabehewa hayapiti: viungo vinabanana na magurudumu yanaweza kuruka reli.

Sasa kwa nini haizami? Nenda naye soko la Muthurwa mkamtazame mwenye mkokoteni akipakia magunia ya viazi. Hajazi upande mmoja akamaliza ndipo aende wa pili. Anaweka mbele kidogo, nyuma kidogo, kushoto, kulia, na kila mara anaunyanyua mpini kidogo kusikia uzito umekaa wapi. Meli ya treni hupakiwa hivyo hivyo. Yanaingia mabehewa machache kwenye reli ya kushoto, kichwa kinarudi nyuma, kinabadili njia, kinaleta machache ya kulia. Ndiyo maana upakiaji huchukua muda, na ndiyo maana mzee alijibu kwa mikono: kazi yenyewe ni ya mikono miwili kupima uzito.

Mkitaka kuona kwa macho, jazeni beseni maji, mweleeshe humo sahani ya bati, kisha mtoto apange viberiti vilivyojaa mchanga. Kiberiti cha kwanza akiweke ukingoni. Ataona sahani inavyoinama. Halafu ajaribu kuweka viwili kwa pamoja, kimoja kila upande. Kwenye meli kuna msaada mwingine usioonekana: matangi ya pembeni yanayojazwa maji. Ndiyo maji ya farumi. Behewa zito likiingia kushoto, pampu hujaza tangi la kulia, na meli inarudi wima. Muulize baba yako juu ya ile sauti. Gurudumu la kwanza linapovuka kiungo cha daraja na sitaha husikika kishindo kifupi, kisha meli nzima inashuka taratibu kama mtu anayekaa kwenye kiti cha kamba. Unaihisi kwenye nyayo kabla hujaiona.

Kazi ya baba inaanza hapo. Behewa limekalia springi, na springi zinacheza. Likiachwa hivyo, meli ikienda mrama nalo litayumba, na kila yumba ni nyundo. Kwa hiyo jeki za kusokota huwekwa chini ya fremu na kukazwa mpaka behewa linainuka kidogo, uzito ukitoka kwenye springi ukikaa kwenye chuma kigumu. Kisha inakuja minyororo ya kulivuta chini, pembe kwa pembe, na vibano vya kushika magurudumu kwenye reli. Mtu anatambaa chini ya mabehewa yaliyopangwa karibu karibu, grisi mpaka viwikoni, taa mkononi. Na safarini anarudi tena kukaza, kwa sababu mnyororo uliokazwa gatini hulegea meli inapoanza kucheza.

Nisikufiche hatari yake. Mwaka 1929, tarehe 22 Oktoba, meli ya treni iliyoitwa SS Milwaukee ilitoka bandari ya Milwaukee, Marekani, ikaingia kwenye dhoruba ya Ziwa Michigan. Geti la tezi, yaani la nyuma ya meli, lile la kuzuia mawimbi yasiingie kwenye sitaha ya mabehewa, lilipinda. Barua ya karani wa meli ilipatikana baadaye ikieleza kwamba maji hayazuiliki tena. Hakurudi mtu. Japani nao walipoteza Toya Maru tarehe 26 Septemba 1954, katika kimbunga, maji yakiingia kupitia sitaha ya mabehewa iliyokuwa wazi upande wa tezi. Walikufa zaidi ya watu 1,000. Sitaha ya mabehewa ni ukumbi mrefu usio na kuta za ndani, na hapo ndipo kwenye kasoro. Beba sinia lenye maji kidogo utaelewa: ukiinamisha kidogo tu, maji yote yanakimbilia upande mmoja na kukuvuta mkono. Kwa hiyo nikisema baba yako alikuwa mlinzi wa roho za watu, si maneno ya kumfurahisha mzee.

Sasa twende kwenye swali lako mwenyewe. Ili ujue kilichoilaza Uhuru, lazima ujue kilichoizaa.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati ule ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Ilikomea majini. Mzigo wa Uganda ulishushwa behewani gunia kwa gunia, ukapandishwa merikebu, ukashushwa ng'ambo, ukapandishwa tena. Kila gunia la kahawa au pamba liliguswa na migongo ya watu mara nyingi, na kila mguso ni gharama, ni gunia kuchanika, ni wizi mdogo mdogo. Reli ya Tanganyika ilifika Mwanza 1928, ile ya Kenya ikafika Kampala kwa nchi kavu 1931. Kukawa na reli mbili kwenye ziwa moja, zote za upana wa mita moja, na maji katikati. Meli mbili pacha, Umoja na Uhuru, zilikuja kuziba pengo hilo. Vipande vyake vilitengenezwa na kampuni ya Yarrow kule Glasgow, Uskoti, mwaka 1965, vikasafirishwa, vikaunganishwa Kisumu. Uhuru hubeba mabehewa kama 22. Kuanzia hapo gunia lililofungiwa ndani ya behewa lingeweza kufika Kisumu, Jinja, Port Bell au Mwanza bila mkono wa mtu kuligusa. Hata Musoma ilipata gati la mabehewa, na Musoma haina njia ya reli inayotoka nje ya mji. Reli zake ziliishia bandarini. Meli ndiyo iliyokuwa treni yao.

Angalia basi yaliyofuata nchi kavu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika la pamoja la reli likagawanywa. Uhuru ikabaki Kenya, Umoja ikaenda Tanzania. Meli zilizozaliwa kuunganisha nchi tatu zikawa na wenyewe wawili, mipaka mitatu na vitabu vitatu vya hesabu. Malori yakaongezeka barabarani, njia za reli zikachakaa, mwendo wa treni ukapungua, na mfanyabiashara hasubiri. Uganda ilipata zake miaka ya 80: Kabalega, Pamba na Kaawa. Tarehe 8 Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana, Kabalega ikazama na Kaawa ikaumia pua. Baada ya hapo Uganda ilikaa miaka bila meli ya mabehewa inayotembea. Na meli yetu ingepeleka mabehewa kwa nani, yakavutwe na nini? Daraja la upande mmoja halina maana kama upande wa pili umelala.

Magugu maji nayo hayana budi kutajwa, maana watu wa Kisumu wameyaona kwa macho. Yalisumbua kweli, hasa Ghuba ya Winam mwishoni mwa miaka ya 90. Injini ya meli hupoozwa kwa maji ya ziwa yanayovutwa kupitia matundu yaliyo chini ya maji. Mizizi ikiziba matundu hayo joto linapanda na fundi analazimika kuzima injini. Mabua nayo yanajisokota kwenye rafadha, yale mapanga yanayosukuma meli. Mzee wako atakueleza walivyosafisha chujio usiku kwa zamu, kwa sababu fundi yeyote wa chini lazima alikuwa na siku za namna hiyo. Lakini huo ni ugonjwa unaotibika. Mashua na meli nyingine zilipita katika magugu hayohayo, zikachelewa, zikafika. Kilichoilaza Uhuru ni kukosa mzigo, mabehewa na njia za kuyapokea.

Ushahidi mkubwa ni jinsi ilivyoamka. Kenya ilipotaka kupeleka mafuta Uganda kwa reli na ziwa tena, mafundi wakiwemo wa Jeshi la Wanamaji waliitengeneza, na mwishoni mwa 2019 ikavuka hadi Port Bell na mabehewa ya matangi. Umoja ilikuwa imeshafufuliwa upande wa Mwanza mwaka mmoja kabla. Umri wao haukupungua hata siku moja. Kilichobadilika ni nchi kavu.

Na si kwetu tu. Meli ya kwanza ya aina hii inayotajwa sana, Leviathan, ilianza 1850 kuvusha mabehewa kwenye mlango wa Forth, Uskoti. Huduma ile ilimalizwa na daraja la reli lililofunguliwa 1890. Zile za Japani zilizovusha mabehewa kati ya Aomori na Hakodate zilistaafishwa 1988 lilipofunguliwa handaki la Seikan chini ya bahari. Lakini inayonigusa zaidi ni Chief Wawatam ya Michigan. Iliundwa 1911, na makaa yake yaliingizwa kwa koleo mpaka mwisho. Daraja kubwa la Mackinac lilipofunguliwa 1957 watu walidhani siku zake zimeisha. Daraja lile, hata hivyo, halina reli, ni la magari tu. Meli ikaendelea kuvusha mabehewa hadi 1984, ikiwa na miaka zaidi ya 70, mpaka reli za pande mbili zilipofifia. Baadaye ilikatwa sehemu ya juu, ikawa tishari la kukokotwa, na 2009 ikachanwa chuma chakavu.

Je, chuma cha miaka ya 60 ni salama? Ziwa letu ni maji baridi, hayana chumvi, na hilo peke yake linaongeza umri wa meli kwa miaka mingi. SS Badger, iliyoundwa kubeba mabehewa mwanzoni mwa miaka ya 50, bado inavuka Ziwa Michigan na magari na abiria. Mabehewa iliyaacha zamani. Kwa hiyo usiulize meli ina miaka mingapi. Uliza ilipandishwa chelezoni, pale meli inapotengenezwa nje ya maji, lini mara ya mwisho, na mabati yake yalipimwa unene wapi. Kuna kifaa kinachopiga sauti ndani ya chuma na kusoma kimebaki milimita ngapi. Mimi ningepima kwanza chini ya reli za sitaha, pale maji ya mvua yanapotuama bila kuonekana, na kuzunguka matangi ya farumi, kwa sababu tangi linalojazwa na kumwagwa kila safari huliwa na kutu kutoka ndani. Nyaya za umeme na vipuri vya injini ya zamani ni mzigo mwingine. Kampuni zikiacha kuvitengeneza, fundi anaanza kuvichonga mwenyewe. Meli ya mafuta haipaswi kusafiri kwa sifa ya kwamba ilijengwa vizuri zamani. Vipimo vya chelezoni ndivyo vya kuaminiwa, na vikisomeka vibaya meli isitoke.

Kuhusu heshima anayoitaka mzee, naielewa, na nimeiwaza sana. Kisumu wameshaunda MV Uhuru II, kubwa kuliko ya kwanza, kwa hiyo siku ya kuamua itakuja. Kuna hatima tatu: kuuzwa chuma chakavu, kufanywa makumbusho, au kuendelea na kazi. Makumbusho yanasikika matamu, lakini meli iliyotia nanga bila mapato huoza haraka kuliko inayofanya kazi, maana hakuna anayelipia rangi wala chelezo. City of Milwaukee ya 1931 imehifadhiwa Manistee, Michigan, na inasimama kwa sababu watu wa pale wameamua kuilea mwaka hadi mwaka. Bila watu kama hao, ningependa Uhuru ibebe mizigo mpaka vipimo viseme basi, kisha daraja lake la bawaba, jeki chache na usukani vihifadhiwe nchi kavu. Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi kuliko chuma. Reli mpya, ile ya kutoka Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa 2017 na kufikishwa upande wa Naivasha 2019, ina upana wa milimita 1,435. Sitaha ya Uhuru ni ya milimita 1,000. Behewa la reli mpya haliwezi kupanda meli ile. Mzigo lazima uhamishwe kwenda reli ya zamani ndipo ufike Kisumu. Njia ya zamani ya Nakuru hadi Kisumu ikitunzwa, meli itaishi. Ikipuuzwa, mtaisikia tena ikisemwa imezeeka.

Sasa afya ya mzee, na hapa sitaki usubiri. Wewe mwenyewe umeandika kwamba alihamia chini kwenye injini. Kwenye meli nyingi za miaka ile, mabomba ya moto yalizungushiwa kitambaa cha asbesto, na fundi aliyekibandua alivuta vumbi lake. Madhara ya vumbi hilo hujitokeza hata baada ya miaka 30 au 40. Siwezi kusema ndicho kinachomsumbua. Katika umri wa 82 inaweza kuwa moyo, upungufu wa damu au mambo mengine. Mpeleke kwa daktari wa kifua, na mwambieni waziwazi: alifanya kazi chumba cha injini cha meli, tangu mwaka fulani hadi fulani. Madaktari wengi hawaulizi kazi ya zamani usipoitaja. Pumzi ikimkata akiwa amekaa, midomo ikibadilika rangi, akikohoa damu au kifua kikibana, ni hospitali saa ileile, safari ya Kisumu ingoje.

Daktari akimruhusu, nendeni. Bandari si mahali pa kuingia tu, hasa mabehewa ya mafuta yanapokuwepo. Andikeni barua mapema kwa ofisi ya bandari ya Kisumu, mwambatanishe nakala ya cheti chake cha kazi au hata picha yake akiwa na sare, muombe siku ambayo meli iko gatini. Piga simu tena siku mbili kabla, maana ratiba ya mzigo haina huruma. Ombeni aione akiwa gatini, kwenye kiti, kwenye kivuli. Ngazi za chumba cha injini zimesimama kama ukuta, na akishafika pale atataka kushuka tu, namjua mtu wa injini. Mkatalieni kwa upole.

Kabla ya safari, mtoeni siku moja hapa Nairobi mpaka Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni kuu. Mchukue karatasi zake, daftari zake, chochote chenye muhuri wa reli, muulize kama wangependa nakala. Karatasi zenyewe usizitoe bila hati ya kupokewa. Na usiku huu, simu ikiwa na chaji, mweke mjukuu mbele ya babu, jeki ya gari mkononi. Muulize babu swali moja tu: ulijuaje kwamba imekaza vya kutosha? Rekodi jibu lote, na mikono yake ionekane kwenye picha.